Maboya Meupe ya Siku ya Harusi

Mimi ni mtu wa usafi, na hilo ndilo lililoniponza. Boti yetu ya kutembeza watu ziwani ina maboya ya plastiki ubavuni, ya kuizuia isijigonge gatini. Tuliyanunua meupe pe. Lakini gati letu hapa Gisenyi limezungushiwa matairi makuukuu, na weusi wa tairi ukishaingia kwenye plastiki, weee, utasugua mpaka mabega yalie. Nilijaribu sabuni, majivu, hata dawa ya meno. Wapi!

Na kesho yake binti yangu anaolewa, wazee wa pande zote mbili watapanda boti hiyo kupigwa picha. Nilitaka kitu kimoja tu: mama wa bwana harusi asipate la kusema juu yetu. Nikachukua esansi ya injini, petroli yenyewe, nikasugua. Uchafu ukatoka wote! Nikamwita mume wangu aje aone, nikajisifu mpaka akachoka.

Kumbe esansi imelainisha plastiki. Usiku kucha maboya yamejisugua kwenye matairi, yakinata na kujipaka weusi upya, na asubuhi, kwa shamrashamra zile, nani aliyakagua? Boti ikiondoka, maboya huvutwa ndani. Mama wa bwana harusi akaketi akiyaegemea kwa ubavu, na mushanana wake mweupe, vazi letu la sherehe. Alipoinuka kwa picha, kitambaa kikabanduka kwa sauti. Mstari mweusi, kiunoni hadi gotini.

Mungu wangu, niliona aibu! Nikainama kumfuta kwa leso, doa likaenea.

“Acha, bamwana,” akaninong'oneza, kama tunavyoitana huku wazazi ambao watoto wetu wameoana. “Iko kitu kidogo. Batu batatuona.”

Akanishika kiuno, akaubana ubavu wake wenye doa kwenye ubavu wangu. Ndivyo tulivyopigwa picha zote. Ndivyo tulivyoshuka na kutembea hadi ukumbini, tumegandana, huku yeye akitabasamu kwa kila mtu. Kila nilipofungua mdomo kumwomba radhi, alinifinya.

Picha mojawapo ameitundika sebuleni kwake. Wageni wakiitazama husema, jamani, hawa bamwana wanapendana! Yeye hucheka, anajibu, “Sana.” Mimi nainuka haraka kwenda jikoni, eti nasaidia vyombo.