Siku Tuliyokausha Kiwanja cha Tororo

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika nyuma ya ghala la pamba la Mulanda. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimepewa mwiko mpya na kipande cha sakafu kisichozidi ukubwa wa mkeka, na wazo kwamba ningekiharibu mbele ya watu lilinishinda tumbo. Foromani, mkuu wa kikosi chetu cha ujenzi, alinikuta nikijifuta mdomo.

"Umekunywa?"

"Hapana, Foromani. Naogopa."

"Naogopa simenti? Hii kitu haina meno. Wewe narudi kwa kazi."

Ninyi mliosomea ufundi chuoni mna cheti cha kuwatuliza. Mimi sikuwa nacho. Baba alikuwa dereva wa lori mjini Tororo, mashariki mwa Uganda, na alitaka nishike usukani kama yeye. Mimi nikajifunza sakafu kwa kuwatazama mafundi waliokarabati msikiti wa mtaani kwetu, kisha nikarudia nyumbani kwa udongo wa kichuguu. Anayejifundisha mwenyewe hajui kamwe kama amemaliza kujifunza, kwa hiyo nilipima kila kitu mara tatu. Pima maji, kile kijiti chenye kichupa na kiputo cha hewa ndani yake, nililala nacho chini ya mto. Wenzangu walicheka mpaka wakachoka.

Kutoka Mulanda tulihamishiwa Kisoko kujenga madarasa, kisha Kirewa kwenye zahanati. Kirewa ndiko nilikojua niru. Niru ni uji wa simenti tupu unaopakwa juu ya sakafu mbichi na kusuguliwa kwa mwiko wa chuma hadi ung'ae. Niliipenda kupita kiasi. Mganga wa pale alisema angeweza kunyoa ndevu akijitazama sakafuni, nami kwa sifa hiyo nikakosa usingizi kwa furaha, kisha nikakosa usingizi tena kwa hofu kwamba pengine kulikuwa na doa ambalo hakuliona.

Halafu Foromani akaitwa Tororo, na mimi nikaitwa naye.

Ilikuwa miaka ya utawala wa wanajeshi. Sabuni na sukari zilivuka kutoka Kenya kwa magendo, watu walizungumza wakitazama nyuma, na kazi yoyote iliyosimamiwa na afande ilikuwa kazi ya kuandikia wosia. Lakini habari iliyotufikia ilikuwa tamu mno hata hofu ikasogea kando. Mashindano ya mpira wa kikapu ya wanaume, timu za taifa za nchi za kanda yetu, yangefanyika Kampala, na mechi moja, yetu na Kenya, ingechezwa Tororo ili majirani wa Busia na Malaba, mpakani na Kenya, nao waione. Mji ulirukwa na akili. Wauza nyama waliokuwa hawajui mpira huo unachezwa kwa mkono au kwa mguu walianza kubishana kuhusu urefu wa wachezaji.

Mwenyekiti wa kamati ya matayarisho alikuwa Meja, mtu mnene mwenye sauti ndogo, na sauti hiyo ndogo ndiyo iliyotisha.

"Mimi nataka kiwanja iko tayari," alimwambia Foromani. "Wageni nakuja, naona Uganda iko na kiwanja. Iko maneno?"

"Hakuna maneno, afande."

Tulimwaga zege, tukaliweka mwinamo mdogo kutoka katikati kwenda kando ili maji yasituame, tukalimwagilia asubuhi na jioni likomae bila kupasuka. Mbao za vikapu tulizichonga kwa mvule. Kila kitu kilikwenda vizuri hadi nilipotoa ndoo ya niru.

"Rudisha," Foromani akasema.

"Foromani, tutaliacha hivi? Linaonekana kama halijakwisha."

"Hii si sebule ya mke wako. Watu nakimbia hapa, nasimama ghafla. Chukua ufagio."

Basi nikaikwaruza sakafu yangu ingali mbichi kwa ufagio wa vijiti vigumu, nikaacha mistari myembamba yenye kukamata soli ya kiatu. Niliumia kama mtu anayeambiwa ampeleke bibi harusi bila kumvisha. Kisha, zege lilipokomaa, nikamwaga maji kutafuta kasoro, na nikaipata. Chini ya kikapu cha upande wa reli maji yalibaki kwenye kibonde cha ukubwa wa sinia. Nilimwendea Foromani, nikamwomba tuvunje pale na kurudia.

"Kurudia na nini?" Akanyoosha kidole kwenye bomba la moshi la kiwanda cha simenti, lililoonekana kutoka tulipokuwa. "Unaiona? Nami naiona. Hiyo ndiyo simenti yetu: ya kuona. Ghalani imekwisha."

Siku ya mechi watu walijaa tangu asubuhi. Wenye maduka wa mjini walikaa mbele na kanzu zao nyeupe. Wakenya waliovuka Busia walifika na filimbi na vikapu vya chakula, wakakaa upande mmoja, na matusi ya kirafiki yakaanza kabla wachezaji hawajavaa viatu.

"Nyinyi mmekuja kushangilia au kununua parachichi?" wetu waliwauliza.

"Parachichi tutanunua tukishawafunga! Bei itakuwa chini, mtakuwa mnalia!"

Jamani, mechi ile! Mrefu wetu aliruka kuokota mpira uliorudi kutoka ubaoni na mikono yake ikapita juu ya wote kama twiga anayekula majani. Wa kwao, mfupi, alidunda mpira chini chini kama aliyekuwa akiufundisha siri, akapita katikati ya watu wawili, akafunga. Mitupo huru, ile mitupo anayopewa mchezaji aliyefanyiwa madhambi, ilipigwa katika ukimya ambao ungesikia nzi. Kipindi cha pili kilipoingia, timu zilikuwa sawa. Nikasahau kuogopa. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka.

Ndipo Mwamba wa Tororo, jabali lililosimama juu ya mji, ukavaa kofia nyeusi ya mawingu.

Aliyezaliwa kwetu anajua kwamba radi ya Tororo haibishi hodi. Ilipasua mara mbili, na mvua ikaanguka kama iliyomwagwa kwa karai. Wachezaji walikimbilia chini ya mabati. Ilipokatika, mwamuzi mkuu, mgeni asiyejua Kiswahili, alitembea kiwanjani, akateleza kidogo kwenye kibonde changu, akazungumza na katibu wa kamati. Katibu akatutafsiria: pasipokauka upesi, giza litaingia, na kwa kuwa hakuna taa, mechi itamaliziwa Kampala.

Meja alinishika bega. Sijui nani alimwambia kwamba mimi ndiye niliyelisawazisha zege.

"Wewe ndiyo fundi?"

"Ndiyo, afande."

"Mechi ikihama nakwenda Kampala, na wewe utahama. Lakini wewe hutapanda basi."

Foromani alikuwa ameshaanza kusukuma maji kwa fagio, na mwinamo ulisaidia, yakashuka kando. Lakini utelezi ulibaki, na kibonde kilijaa. Meja akaita lori la jeshi. Lilirudi kinyumenyume likiwa na mchanga.

"Mwaga," alisema.

Nilijikuta nimesimama kati ya lori na kiwanja, mikono nimeinua.

"Hapana, afande."

Foromani akafumba macho.

"Umesema nini?"

"Mchanga juu ya zege ni gololi, afande. Mchezaji akikanyaga, atavunjika mguu, na atavunjika mbele ya wageni. Nipe nguo kavu. Nguo nyingi. Nitakikausha."

"Nguo iko wapi?"

Jibu lilitoka upande wa Wakenya. Mama Nafula, mwuzaji wa Busia ambaye nusu ya Tororo ilimfahamu na nusu nyingine ilijifanya haimfahamu, alisimama na mzigo wake mkubwa uliofungwa kwa shuka. Sote tulijua umebeba nini. Magendo yalikuwa yakiwapeleka watu mahali wasikorudi. Akaubwaga miguuni pa Meja, akafungua fundo, yakamwagika mablanketi mapya, mekundu na ya kijivu.

Meja aliyatazama mablanketi, kisha akamtazama mama.

"Hizi blanketi nalipa ushuru?"

"Zinalipa sasa hivi, afande," akasema Mama Nafula, akapiga magoti na kuanza kukausha.

Mtu mmoja akacheka. Kisha askari mmoja akacheka, na Meja alipokosa kumkemea, watu walimiminika. Wenye maduka walivua kanzu wakabaki na fulana. Wakenya na Waganda walitambaa bega kwa bega, wakisugua na kukamua, wakitaniana.

"Sugua vizuri wewe, hapo ndipo tutawafungia!"

"Wewe je, hujui hata kukamua! Nani alikuoa?"

Mimi nililala kifudifudi kwenye kibonde na blanketi jekundu, nikaliacha linyonye maji, nikalikamua, nikarudia. Mistari ya ufagio ilijitokeza mmoja mmoja, mikavu. Mwamuzi alikuja, akasugua kiatu chake pale pale mara kadhaa. Akaweka filimbi mdomoni.

Sitasema uongo: dakika zilizobaki sikuutazama mpira. Nilichuchumaa kando ya ubao wa upande wa reli nikitazama miguu. Karibu na mwisho yule mfupi wa Kenya alikuja mbio, akasimama ghafla mguu wa kushoto juu ya kibonde changu. Soli ililia. Nami nilikaribia kulia. Mguu ukashika, akageuka, akaruka, na kwa kelele za upande wa wageni nikajua kilichotokea. Filimbi ya mwisho ikalia. Tulikuwa tumefungwa kwa kikapu kimoja.

Meja alikuja moja kwa moja. Alisimama juu ya kibonde, akatazama chini.

"Iko mtu ameteleza hapa?"

"Hapana, afande."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akapumua puani.

"Basi wameshindwa wenyewe," alisema, akaenda zake kwenye gari.

Foromani alikaa chini palepale kwenye zege, kama mzigo uliokatwa kamba. Mama Nafula alikuwa akikunja mablanketi mazito kwa maji na matope, akiwaambia askari wawili wamsaidie kubeba mpaka barabarani, nao wakambebea.

Baadaye nilifanya kazi Busia kwenye maegesho ya malori ya forodha, hadi nikastaafu nikiwa nami foromani. Niliweka sakafu nyingi, nyingine zinang'aa hadi leo. Hofu haikunitoka. Vijana niliowafundisha waliniona nikikagua kona ileile mara tatu, wakadhani ni ukali, nami nikawaacha wadhani hivyo.

Wazee wenzangu wanapokutana husimulia kikapu kile cha mwisho: namna alivyogeuka, namna mpira ulivyozunguka kwenye chuma kabla ya kuzama. Kila mmoja alikiona kwa namna yake na wanagombana vizuri sana. Mimi sikukiona. Wakinigeukia, nawaambia kiatu kilikuwa cheupe, cha turubai, kamba yake imefungwa mara mbili, na kilisimama pale kilipotaka kusimama.