Karafuu za Hosiana

Hosiana anapika pombe ya ulezi huko Mgeta tangu usichana wake, na desturi ya kwao ni mpishi kuonja kwanza mbele ya wageni. Safari hii wageni walikuwa wamekuja kumposa binti yake, na mafua yalikuwa yamemziba Hosiana pua kabisa. Wakati wa kupika alitia karafuu, hakusikia harufu, akaongeza nyingine, na mdalasini juu yake.

Akapiga funda mbele yao. Ulimi haukumwambia kitu. Akatabasamu hivyo hivyo, akampa kata mzee Laurenti, babu wa kijana anayeposa.

Mzee akaonja polepole.

“Nyeusi kama kahawa, na kali. Unaanza utamu wa ulezi, unafuata mdalasini, halafu karafuu inawakanyaga wote. Mama, hii ni pombe au dawa?”

Wageni wakacheka. Hosiana akaiona posa inapeperuka.

“Nisamehe, mzee wangu. Nina mafua.”

Laurenti akajipapasa shavu.

“Jino hili limenitesa wiki nzima, sasa limelala. Binti wa nyumba hii hatumwachi. Jaza tena, mkwe.”