Alama Ndani ya Mfuniko

Mushaki yote, mji mdogo wa milimani juu ya Goma, inamjua Mama Astrid kama fundi wa saa, ingawa siku hizi anazotengeneza zaidi ni radio na tochi za jua. Meza yake iko barazani pa duka la dawa, mkabala na wauza jibini. Baridi ya pale haimhurumii mtu, kwa hiyo hufanya kazi kajifunika kitenge mabegani, na jichoni kabana lupu, kile kioo kidogo kinachokuza vitu. Ufundi alifundishwa Goma na mjomba wake Jean de Dieu, mtu aliyeamini kwamba saa ikitoka mkononi mwa fundi sharti ing'ae kama ya dukani. Astrid Mukandayisenga aliishika imani hiyo miaka mingi, na wateja walimpendea hilo.

Aliyemgeuza ni Yves, mchuuzi wa Goma anayewatafutia watu wa mbali saa za zamani. Saa alizozitaka kuliko zote ni zile walizovaa wazamiaji wa majini: nzito, zenye pete ya juu inayozunguka ili mzamiaji ajue amekaa chini dakika ngapi. Yves alimwonyesha picha kwenye simu, moja baada ya nyingine. Wanunuzi wale hawakutaka mng'ao. Walitaka rangi ya namba iliyogeuka kahawia kwa uzee, na chuma chenye kingo kali kama kilivyotoka kiwandani, hata kama kimejaa mikwaruzo.

"Bazungu banalipa uchafu?" Astrid aliuliza, akicheka.

"Banalipa ukweli yake, Mama."

Kidogo kidogo jicho lake lilizoea. Ikawa Yves hanunui saa yoyote ya Masisi wala Walikale kabla Mama Astrid hajaifungua.

Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, Papa Théogène, mkulima wa maharagwe, alishuka kwenye pikipiki kutoka Nyabiondo, matope hadi magotini. Yves alikuwa amepanda kutoka Goma asubuhi ileile, naye ameketi kwenye benchi anamngoja. Théogène akafungua leso aliyoifunga mara tatu, akaweka saa mezani.

"Iko ya baba yangu," alisema. "Kanyamibwa. Alikuwaka mulinzi wa muzungu mumoja, mwenye alikuwa anaingia chini ya maji ya ziwa kuangalia nguzo za bandari. Muzungu aliporudi kwabo, akamuachia."

Yves alishataja bei ikiwa kila kitu ni cha asili. Ilikuwa bei ya kumtosha Théogène kuezeka nyumba mabati mapya na kubakiwa na cha mbuzi wawili. Astrid aliona mzee yule anavyojizuia asitabasamu.

Alianza kama kawaida. Akaingiza saa chini ya kitenge, akainamisha kichwa humo gizani. Rangi ya namba, ile ya kung'aa gizani, ilikuwa imekufa kabisa, haitoi mwanga hata chembe, na ndivyo inavyopaswa kuwa kwa saa ya umri ule. Lakini mishale iling'aa kijani kibichi. Akaitoa mwangani, akapitisha kidole kwenye kingo za chuma: zilikuwa laini, za mviringo, kama sabuni iliyotumika wiki mbili. Mtu aliipiga polishi hii, na mtu huyo huyo, pengine, aliipaka mishale rangi mpya.

Akazungusha mfuniko wa nyuma, ukafunguka. Mashine ndani ilikuwa ya kweli, safi. Na upande wa ndani wa mfuniko, palipochorwa kwa ncha ya sindano, aliona herufi mbili na tarehe: A.M., mwezi wa saba, 2004. Ile M yenye mguu mrefu ilikuwa yake mwenyewe.

Alikaa na lupu jichoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mbele yake hakuna aliyejua alama ile. Angeweza kusema mishale ilibadilishwa na fundi fulani wa zamani, Mungu amrehemu. Angeweza hata kunyamaza kabisa, Yves alimwamini.

"Mama, iko ya kweli?" Théogène aliuliza.

"Saa iko ya kweli, Papa. Lakini ilishaguswa." Akatoa lupu. "Na mwenye aliigusa njo mimi. Niliisugua, nikapaka mishale rangi. Jina yangu iko humu ndani. Wakati ule sikujua kama niko naharibu."

Yves alitazama pembeni, kisha akataja bei nyingine. Ilikuwa nusu ya ile ya kwanza, na hakuisema kwa ubaya.

Théogène alikunja uso. "Ungenyamaza tu," alimwambia Astrid. "Yeye hangejua. Mabati yangu inakusumbua nini?"

Jambo lenyewe lilikuwa hivyo hivyo alivyolisema mzee. Mama muuza jibini aliyekuwa anasikiliza akajifanya anapanga jibini zake.

Ndipo Théogène akainua kichwa, kama mtu aliyekumbuka kitu. "Ilikuwa mwaka gani?"

"Elfu mbili na ine."

"Mimi sikuleta saa hapa hata siku moja." Akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Mwaka ule nilikuwa Kibua, nalima shamba ya shemeji. Niliporudi, nikakuta saa inang'aa kama mupya. Nilijuaka njo kaka yangu alifanya vile. Kumbe ni bibi yangu, mama ya batoto bangu. Adelaïde. Saa ilibakiaka na yeye." Akaegemea meza. "Alishakufa, miaka sita sasa. Mama, unamukumbuka? Siku ile alikuja, alikuwa namna gani?"

Astrid alijaribu. Saa sasa aliikumbuka vizuri: kifundo cha pembeni cha kurekebishia mishale kilivyomsumbua, jinsi pete ilivyogoma kuzunguka mpaka akaitia mafuta. Kila skrubu yake ndogo aliikumbuka. Nyuma ya saa ile, pale panapostahili kuwa na uso wa mwanamke, hapakuwa na kitu. Ingekuwa rahisi kusema alivaa kitenge cha bluu, alikuwa mpole, alicheka. Mzee angeyapokea kwa mikono miwili.

"Simukumbuki, Papa," alisema. "Unisamehe. Saa ninaikumbuka. Yeye, hapana."

Théogène aliitikia kwa kichwa, taratibu. Kisha akaomba lupu. Astrid akamwonyesha jinsi ya kuibana jichoni, akamshikia mfuniko. Mzee alitazama ile mikwaruzo midogo ya herufi na tarehe mpaka motari wake, mwenye pikipiki iliyomleta, akapiga honi mara mbili.

Hakuuza siku ile. Aliifunga saa kwenye leso, akaondoka bila kuaga vizuri. Baada ya wiki tano Yves alipiga simu kwamba Papa Théogène ameshuka mwenyewe hadi Goma, ameuza kwa ile bei ya pili. Mvua ilikuwa inaingia ndani ya nyumba. Astrid aliona uchungu, ingawa alijua hana haki ya kuuona. Alitamani mzee abaki nayo. Lakini kutamani ni kwake, na paa lililovuja halikuwa lake.

Watu bado humletea saa zilizochakaa, wakisema, "Mama, ing'arishe." Siku hizi huwakalisha kwanza kwenye benchi, awaulize saa ni ya nani na ilipitia wapi. Wengine huchoka na maswali, huenda kwa fundi mwingine huko Sake.