Mama Alikuwa Akiwajibu "Niko Sawa Sana"

Leo nimeingia kliniki kupigania haki, nikatoka nikiomba msamaha.

Mama yangu huchuma majani chai huku Boito, na mgongo unamtesa. Kliniki ilimsajili apokee ujumbe wa simu kila asubuhi: zoezi moja la kunyoosha mgongo, kisha swali, "Unaendeleaje leo?" Akisema hali ni mbaya, nesi humpigia.

Juzi mguu wake wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Hakuna wa kliniki aliyempigia.

Ndugu zangu, nilinguruma! Mama akiwa kando yangu, nilimuuliza nesi ni lini mwili wa mchumaji utathaminiwa kuliko jani analochuma. Foleni nzima iligeuka kunitazama.

"Mheshimiwa, umemaliza?" nesi akauliza, akanigeuzia skrini ya kompyuta.

Majibu ya Mama, siku baada ya siku: "Niko sawa sana. Na nyinyi je? Mungu awabariki."

Nikamgeukia. "Mama, kwa nini?"

"Watu wananisalimu vizuri hivyo, halafu nianze kuwalilia mgongo? Kwani mimi nilikulea aje?"

Foleni ikaangua kicheko. (Naam, walinicheka mimi.)

Nesi akamkalisha, akamwomba ayapime maumivu kwa nambari, kutoka sifuri hadi kumi. Mama akatazama sakafu.

"Nane," akanong'ona.

Akapimwa mguu papo hapo. Neva haijaharibika. Atapumzika kuchuma kwa wiki mbili, atabadilishiwa mazoezi, na kuanzia kesho ujumbe wake utauliza nambari.

Niambieni, mama wa kwenu hujibu vipi?

Mimi sijawahi kufurahi hivi kumsikia mama yangu akilalamika.