Chome, Aliyeipa Bahari Mgongo

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano. La, nimekosea, na wala si mara ya kwanza. Mwezi wa Ramadhani ulituandamia tukiwa bado kisiwani, na kaskazi ilikuwa haijakatika. Hesabu hiyo haikubali hamsini na tano, kwa sababu mwaka ule tulifunga ndani ya masika, mvua ikituvujia daku. Basi ni hamsini na tisa. Niandike hivyo.

Wakati huo nilikuwa kijana mwenye miguu isiyotulia. Chuoni nilihitimu juzuu chache, skuli niliishia darasa la tatu, kisha nikaona njia yanifaa kuliko ubao. Kaskazi ile nilianza kwa kukata miwa Ramisi. Mikono ikachanika, nikaondoka. Nikateremka Shimoni kuyatazama mapango, nikawabebea watu samaki kwa ujira wa kitoweo, kisha nikarudi juu pwani kwa pwani mpaka karibu na Msambweni. Huko kulikuwa na kisiwa kidogo nyuma ya mwamba, na juu yake watu wakichoma chokaa. Msimamizi wao, Abdurahman, hakuniuliza jina wala ukoo.

"Una mikono miwili?"

"Ninayo."

"Ingia."

Kazi yenyewe ni hii. Unavunja mawe ya matumbawe, unapanga magogo kwa duara, unayapandisha mawe juu yake mpaka tanuu limezidi kimo cha mtu, kisha unatia moto. Likishapoa unamwagia maji, na mawe yanavunjika yawe unga mweupe unaokula ngozi. Chokaa yetu ilikwenda Diani, kwenye nyumba ambazo wazungu wa Nairobi walikuwa wakijengewa za kuja kuogea bahari.

Chome nilimkuta hapo, naye alikuwa na siku chache tu. Alikuwa Mduruma wa upande wa Kinango, mwenye umri wa miaka thelathini hivi, mrefu, na hata alipobeba jiwe alitembea kama mtu aliyeegemea fimbo ya kuchungia. Ng'ombe wake walikuwa wamekwisha kwa ukame. Kila alichokifanya alikifanya ameipa bahari mgongo. Akivunja mawe, mgongo baharini. Akila, mgongo baharini. Boga, mchochea moto wetu, hakumwacha.

"Chome, bahari yakuuma?"

"Hainijui, nami siijui. Mgeni hakodolewi macho."

"Mduruma na maji, kama paka na ndoo!"

"Na Mdigo na kazi, je? Tia kuni, moto wafa."

Jambo moja tu lilimfanya aigeukie bahari. Alipokuja mara ya kwanza kutafuta kazi alikuwa ameona maji yakitoka, nchi ikabaki wazi mpaka mwambani. Akarudi kwao akamhadithia mkewe, Kache. Kache akacheka mpaka mwiko ukamdondoka.

"Akaniambia, 'Mume wangu amekwenda pwani siku mbili, amerudi amejua uongo,'" Chome alisimulia. "Nataka aje aone kwa macho yake. Akanyage palipokuwa na maji. Kisha anipikie uji wa kuniomba radhi."

Aliyasema hayo karibu kila siku. Ng'ombe wamekufa, mtoto ni mchanga, na mtu yule alilotaka duniani ni mkewe asimwite mwongo.

Siku ya nusu Shaabani, mwezi ukiwa mpevu, nilimvusha kwa miguu kwenda bara kununua tumbaku. Ilikuwa bamvua, maji yametoka kabisa, hata mkondo wa katikati ulifika vifundoni tu. Yeye alinishika shati njia nzima. Tulipofika ng'ambo akaniita kwa jina langu, "Waziri, siku nikija na Kache, nitajuaje saa yake?"

Nikamwonyesha kwa mkono. "Vuka jua likiwa pale, juu ya minazi. Rudi kabla halijakufika utosini."

Akakariri kama mwanachuo mbele ya mwalimu. Juu ya minazi, nivuke. Kabla ya utosini, nirudi.

Nililosema lilikuwa kweli, kwa siku ile. Sikumwambia kuwa maji hufuata mwezi, kwamba kila siku saa yake husogea, na saa iliyo salama leo huenda wiki ijayo ikawa imejaa. Kwetu jambo hilo mtoto hafundishwi. Hulijua kama anavyoijua njaa. Haikunipitia akilini kwamba yuko mtu mzima asiyelijua.

Zilipita siku kumi hivi. Tanuu likawa limeungua, likaachwa lipoe, na Abdurahman akatupa mapumziko. Yeye mwenyewe akaichukua ngalawa kwenda Gazi kutafuta magogo. Mimi nikavuka bara, nia yangu nikazione zile nyumba za Diani zilizopakwa chokaa yetu. Usiku ule nililala barazani kwa Mwanaima, mama yake Boga, na hapo ndipo nilipomwona Kache. Alikuwa ameingia jioni, miguu imejaa vumbi jekundu, kibuyu mkononi na mtoto mgongoni, binti wa miezi minne, jina lake Sidi.

"Shemeji," akaniambia, "hebu nawe sema. Ni kweli maji yaondoka?"

"Ni kweli."

"Yaenda wapi?"

"Sijui. Yaenda tu."

Akacheka. "Basi nyote mmekubaliana kunidanganya. Kesho nitawaumbua."

Walikuwa wamepatana na Mwanaima kuwa mtoto atabaki naye. "Nitarudi kabla hajalilia titi la mchana," Kache alisema.

Niliondoka alfajiri. Nilipotoka uani niliuona mwezi umetokea upande wa mashariki, mwembamba kama ukucha. Nikasema moyoni, Ramadhani imekaribia. Ndilo wazo pekee nililolipata. Mwezi ule ulikuwa umeiandika wazi saa ya maji, nami niliutazama kwa sababu ya futari.

Diani niliona nyumba nyeupe na mabibi wa kizungu wamelala mchangani kama nguo zilizoanikwa. Mpishi mmoja akanipa mkate. Jua la saa sita lilinikuta nimeegemea ukuta, naupapasa, najivuna kwamba baadhi ya mawe yale niliyavunja mimi.

Nilirudi kesho yake jioni. Nilimkuta Boga amekaa ufukweni, hajanawa majivu. Yeye ndiye aliyenieleza.

Chome alimpokea mkewe ng'ambo na kuvuka naye jua likiwa juu ya minazi. Maji yalikuwa yamekwisha kutoka tangu mapema, yameanza kurudi, lakini mkondoni yalikuwa bado chini ya magoti. Kache aliokota viti vya pweza, vile vya umbo la nyota, alishika kaa, alipiga kelele kama mwari. Chome akamwonyesha tanuu, banda, na jiwe lake la kukalia. Boga anasema hakuwahi kumwona mtu amefurahi vile, akitembea mbele huku ameielekea bahari kifua wazi. Kisha Kache akayashika maziwa yake, yamejaa, yanauma. Mtoto.

Wakashuka. Jua lilikuwa halijafika utosini.

"Mimi nilikuwa juu ya tanuu, nafagia majivu," Boga alisema. "Kugeuka, nawaona wameshaingia. Nikapiga ukelele, 'Chome, rudi, maji yajaa! Ngoja alasiri!' Alisikia, Waziri. Akageuka. Akalinyoshea jua kidole, akatabasamu, akaendelea."

Katika mkondo maji yalimfika kifuani. Akambeba Kache mabegani, kama alivyozoea kubeba ndama. Boga alipofika ukingoni aliona kichwa kimoja, kisha hakuna. Hakukuwa na chombo kisiwani. Chome alipatikana hai, amekumbatia miti ya uzio wa samaki, mikono imekaza mpaka ikabidi watu wamfungue kidole kimoja kimoja. Kache alipatikana alfajiri iliyofuata, amekwisha kufa, ndani ya uzio uleule, maji yalipotoka na kuiacha nchi wazi.

Mwanaima alimnyamazisha Sidi kwa maji ya sukari.

Maiti ya Kache ilipelekwa kwao, Chome akifuatana nayo. Siku mbili baadaye mwezi ukaandama, nasi tukafunga. Katika kumi la mwisho la mfungo Chome akarudi. Hakushika kazi. Alikaa ufukweni ameielekea bahari kutwa, akichomeka vijiti mchangani kila maji yalipofika, na usiku akiutazama mwezi. Nilimpelekea uji, akaupokea, akaunywa. Jina langu hakulitaja. Siku ya Idi alimchukua mwanawe kwa Mwanaima, akashika njia ya Kinango.

Ilipita miaka kumi na sita. Miguu yangu ilinifikisha kwao wakati wa kiangazi, nikamkuta kwenye lambo ananywesha mbuzi saba. Sidi alikuwa binti mzima, anachota na kumimina. Chome alinitambua. Tulisalimiana sana, habari za wazima na za wafu, tukakaa. Mwezi wa mchana ulikuwa juu, umekatika nusu. Akautazama, na bila ya kuulizwa akasema, "Leo huko kwenu maji yatoka saa kumi."

Nilipiga hesabu. Ni kweli, saa kumi. Na kutoka hapo mpaka baharini ni mwendo wa siku nzima.

Ndipo nikauliza nililokuwa nimelibeba. Nilijua Sidi anasikia, maana aliacha kumimina.

"Chome, siku ile ulipomwambia Kache twende, maji bado, ulimwambia kuwa ni mimi niliyekufundisha?"

Chome aliinuka akamfuata mbuzi mmoja aliyekuwa akienda zake. Mbuzi alirudi, yeye hakurudi. Nikamgeukia Sidi, naye akainama kwenye kibuyu chake. Nilingoja mpaka jua likashuka. Nami hadi leo nauliza: Kache alikufa akilijua jina langu?