Hodi ya Pangoni

Nimefundisha jiografia Biharamulo miaka tisa, na miaka yote tisa nimechora mapango ya chokaa ubaoni bila kuyaona kwa macho. Likizo hii nikasema basi, naenda Tanga kuyaona, na mama nakwenda naye. Nilikuwa na langu moyoni. Tangu nihamie nyumba yangu mpya, mama hajaingia ndani hata mara moja. Nikimpigia simu aje kutoka kijijini kwake Kirushya, anasema magoti yanamuuma. Kwa safari ya Tanga, siku mbili barabarani, magoti yakapona. Nikajua kuna neno, nami nilikusudia kulitoa.

Mlangoni mwa pango mwongoza wageni alitugawia tochi. Sikungoja maelezo yake. Nilianza mimi kumweleza jinsi maji ya mvua yanavyoila chokaa polepole. Alinisikiliza kwa heshima, maskini. Mama akakaza kitenge chake, akaita kama aitavyo kwa jirani, "Hodi."

Pango likajibu, "Hodi... hodi..."

Mama akarudi nyuma hatua mbili. "Siingii. Nalo linapiga hodi. Mwenye nyumba hayupo."

Nilimweleza mwangwi ni nini. Nilieleza vizuri, kidato cha pili wangenielewa. Akasema, "Mtu haingii asipokaribishwa, mwalimu."

Akiniita mwalimu, ujue amekasirika. Nami nilikasirika. Tuvuke nchi nzima tuje kuishia mlangoni? Nikawasha tochi, nikaingia peke yangu, nikainama pale dari liliposhuka, nikasimama katika harufu ya popo na kuita kwa sauti yangu ya darasani, "Karibu, mama. Karibu ndani."

Nikasikia kandambili zake zikija. Alinishika mkono, akamulika juu, kwenye mawe meupe yaliyoning'inia yakidondosha maji. Yalikuwa mazuri kuliko nilivyowahi kuyachora. Mama akasema bila kunigeukia:

"Kumbe neno hilo unalijua. Siku ile nilikuja kwako na mkungu wa ndizi. Nikapiga hodi, nawe ukasema huko ndani, 'Nani?' Nikauweka mlangoni, nikarudi stendi."

Mkungu ule naukumbuka. Nilikuwa nasahihisha mitihani, wala sikuinua kichwa. Ndizi zile tulizila nyumbani wiki nzima, tukimshukuru jirani.