Koti la Mwalimu na Ukuta wa Nyanya

Alhamisi iliyopita niliitwa shuleni kwa binti yangu, pale Nyanchwa, mimi na wazazi wengine wa gredi ya tisa, eti tuwasaidie watoto kuchagua mkondo wa masomo ya sekondari ya juu. Nilipanda kile kilima kwa boda boda, nimeomba ruhusa kazini, na mkubwa wangu alikuwa amenipa ruhusa hiyo kwa kuguna. Mwalimu wa ushauri ni kijana mpole, anatabasamu hata akinyamaza. Alitukalisha mimi na binti yangu mbele ya meza yake, akasifu nywele zangu, kisha akaniuliza: "Mama, huyu mtoto hufanyanga nini akiwa hajatumwa?"

"Anajua hesabu," nikasema.

Binti akatazama dirishani. Mwalimu akaandika. Na mimi, rafiki yangu, nikashtuka, kwa sababu maneno yale yale niliyasikia zamani, na wakati huo yalisemwa juu yangu.

Nililelewa na nyanya, upande wa Nyamache. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, imeezekwa mabati, juu kidogo ya shamba la majani chai. Kila Agosti, kabla ya makambi ya kanisa, ilikuwa lazima kuta zikandikwe upya. Makambini huja wahubiri na wageni, na wageni hulishwa majumbani, kwa hiyo nyumba yenye nyufa ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Binamu zangu waliichukia kazi ile, wakaumwa tumbo wiki nzima. Mimi niliingoja kama wengine wanavyongoja nguo ya sikukuu.

Nyanya alichanganya udongo na samadi ya ng'ombe, akapaka mkono wa kwanza. Mkono wa mwisho aliniachia mimi. Udongo mwekundu tulichimba kando ya barabara, mweupe tukauchota mtoni, na mweusi niliutengeneza mwenyewe kwa kusaga makaa ya betri kuukuu za tochi. Brashi yangu ilikuwa kipande cha mgomba kilichopondwa ncha. Hadi leo nikisikia harufu ya samadi mbichi, nakumbuka pia chinsaga, ile mboga yetu chungu, ikitokota taratibu ndani ya maziwa jikoni, na nyanya akiimba wimbo wa kanisa huku akisahau maneno. Nilichora majani ya migomba yaliyochanwa na upepo. Nilichora ndege, na mistari ya chai inavyoteremka bondeni. Hakuna aliyenifundisha. Jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti kubwa, alikuwa akipita anachungulia na kuita, "Wewe mtoto, kesho unakuja kwangu, na usiniletee hao ndege wembamba, mimi nataka wanono!" Nilikwenda, nikampakia ndege wanono, akanipa ndizi mbivu.

Lakini hakuna aliyesema kwamba mtoto huyu ana kipaji. Ile ilikuwa kazi ya nyumbani tu, kama kufua na kuteka maji. Ninakasirika nikikumbuka kwamba hata mimi niliamini hivyo. Shuleni tulikuwa na mwalimu aliyetushauri kuhusu kazi za baadaye, na siku moja akauliza darasa zima nani anajua kuchora. Mvulana mmoja aliyenakili wachezaji wa mpira kwa penseli akainua mkono. Mimi sikuinua. Kuchora kulikuwa penseli na karatasi, na mimi nilikuwa napaka nyumba. Mvulana mwenyewe aliambiwa michoro hailishi mtu, akaketi. Kisha mwalimu akatugawia kazi kwa kufuata alama, kama anayegawa nyama ya harusi: wa kwanza udaktari, wanaofuata uhandisi, halafu ualimu na unesi, na wa nyuma wakaachiwa shamba.

Mwaka niliomaliza darasa la nane, mwalimu huyo huyo alipangiwa kula chakula cha Sabato kwetu wakati wa makambi. Nilipopata habari, sikulala vizuri. Niliazimia kumpakia ukuta ambao hajawahi kuuona. Ijumaa nzima nilikuwa juu ya kiti nikichora mgomba mmoja, kutoka sakafuni hadi kwenye paa, majani mekundu na meupe, na mkungu wake mweusi ukining'inia. Kwetu jua likizama Ijumaa kazi zote zinakoma, na nyanya alikuwa mlangoni akilitazama. "Harakisha wewe! Sabato haingojangi mtu!" Nilimaliza jani la mwisho jua likizama. Wekundu wake ulikuwa bado mbichi.

Kesho yake mgeni alipewa kiti kizuri, mahali pazuri, yaani chini ya mgomba wangu. Akaketi. Ukuta ukawa mgongoni kwake, akauegemea.

Alikula ugali wa wimbi, akala kuku, akasifu chinsaga. Mimi nilisimama na birika la maji ya kunawa, nikimwomba kimoyomoyo: geuka, geuka kidogo tu. Nyanya akamuuliza, kwa Kiswahili chake cha wageni, "Sasa mwarimu, huyu mutoto wangu ataweza kazi gani?"

Mwalimu akachokoa meno, akafikiri.

"Anajua hesabu," akasema. "Kipaji kingine sijaona. Asomee uhasibu."

"Buya mono," akajibu nyanya, vizuri sana, na mambo yangu yakaishia hapo. Mwalimu akainuka, akatushukuru, akaenda ibada ya mchana amebeba jani langu la mgomba, jekundu, kubwa, mgongoni mwa koti lake jeusi. Waumini waliokaa nyuma yake walicheka hadi mzee wa kanisa akakohoa. Jumapili nyanya aliliomba koti akalifua kwa aibu, na Agosti iliyofuata akaniambia nipake rangi moja tu, kwa kuwa maua yangu yaliharibia mgeni nguo. Nikapaka rangi moja. Nyumba ikawa safi, haina neno.

Siku hizi niko ofisini Kenyenya, nalinganisha tarakimu za watu wengine. Na kazi naiweza, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Yule mwalimu hakusema uongo. Hakugeuka tu.

Basi Alhamisi hiyo tulishuka kilima kwa miguu, binti yangu amenuna. Nikamuuliza kuna nini. "Mama," akasema, "mwalimu amesifu nywele zako, na wewe umenyamaza tu. Kwani nani hukusukanga?"

Nilisimama katikati ya njia. Yeye ndiye hunisuka kila Jumapili, mistari inayozunguka kichwa na kukutana kisogoni, kila wiki kwa namna yake mpya. Wasichana wa majirani hujipanga mlangoni petu wakimngoja, nami huwafukuza, namwita mvivu, namwambia ashike vitabu. Niliulizwa mtoto huyu hufanya nini akiwa hajatumwa, na jibu nilikuwa nimelivaa kichwani.

Leo Jumapili nimempeleka Nyamache nimwonyeshe nilichokuwa nikifanya nikiwa na umri wake. Nyumba ya nyanya haipo. Pamejengwa ya matofali, na upande unaotazama barabara umepakwa rangi ya kampuni ya simu, rangi moja, kutoka chini hadi juu. Nilizunguka nyuma nikitafuta hata bonge la udongo lenye wekundu kidogo, sikupata. Jirani mwenye sauti kubwa alishazikwa, na ndege wake wanono walikwenda na mvua. Sina cha kumwonyesha mtoto. Ninaweza kumsimulia tu, na anasikiliza kwa adabu, kama tunavyosikiliza watu wazima wakijisifu.

Kesho asubuhi nitaomba ruhusa tena, mkubwa wangu agune akitaka. Narudi Nyanchwa kabla uchaguzi wa mkondo wake haujapelekwa. Sitasema mengi. Nitaketi kwenye kiti kile kile mbele ya mwalimu, kisha nimgeuzie kisogo, aone.